Jibu: Bendi kongwe za roki ziache albamu?
Habari ndugu. Umeuliza kama Rolling Stones na rika lao waache albamu, wabaki na ziara tu. Wazee wa benga hapo Kondele, Kisumu, hawaulizwi hivyo, mbona wa roki?

Angalia kwanza nani anatunga, umri baadaye. Malcolm Young, mpiga gitaa na mtunzi wa bendi ya AC/DC, alifariki 2017, lakini albamu yao ya 2020 ilijengwa juu ya rifu (vipande vifupi vya gitaa vinavyobeba wimbo) alizokuwa ameziacha. Stones nao walitoka 2005 hadi 2023 bila albamu ya tungo zao mpya. Ile ya 2016 ilikuwa bluzi za watu wengine.

Kisha sikiliza rekodi za jukwaani. Nyimbo zikishushwa toni moja ili mwimbaji mzee azifikie si aibu. Wanaharibu wakitunga nyimbo mpya kwa sauti waliyokuwa nayo 1975, halafu studio inanyoosha kila noti iliyowashinda. Mimi naona waendelee, ila nyimbo 10 kwa albamu zinatosha.