Umekabidhiwa kitengo cha ushauri wa ajira chuoni? Anza na wasiokuja ofisini

Mkuu, umesema umekabidhiwa kitengo cha ushauri wa ajira chuoni, una washauri wawili, wanafunzi ni maelfu, na uongozi unadai matokeo. Unauliza uanzie wapi. Nimeongoza kitengo cha namna hiyo kwa miaka kadhaa, nitakujibu kwa niliyoyaona.

Chukua orodha ya waliofika ofisini muhula uliopita, uilinganishe na orodha ya wanafunzi wote. Kwetu waliojaa kwenye viti walikuwa wale wale: CV wanayo tayari, nyumbani kuna mtu wa kuwaelekeza, wamekuja kuhakikishiwa tu. Wenye shida hasa hata mlango wetu walikuwa hawaujui. Wapo waliodhani ofisi ni ya mwaka wa mwisho, wapo walioona haya kusema "sijui ninataka nini". Mabango hayatibu hilo, nimebandika ya kutosha.

Kilicholeta tofauti ni kuingia darasani. Usianze na mkuu wa idara, atakuundia kamati. Mtafute mhadhiri ambaye wanafunzi tayari humkimbilia wakikwama. Na usimwombe dakika kumi za kutoa matangazo. Mwombe aweke zoezi moja lenye alama: kila mwanafunzi amtafute mtu anayefanya kazi anayoitamani, amhoji, kisha aandike alichojifunza. Kwa kuwa lina alama, hata mwenye haya atalifanya.

Zoezi hilo lina faida nyingine kubwa zaidi. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha kwamba watu waliopata kazi kupitia mtu, mara nyingi habari waliipata kwa wanaofahamiana nao kwa mbali, si kwa marafiki wa karibu. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha majaribio yaliyohusisha watumiaji milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, yakaunga mkono jambo hilo, ila yakaongeza kwamba ukaribu wa wastani ndio unaosaidia zaidi, si ule ulio hafifu kabisa. Sasa mwanafunzi ambaye kwao hakuna anayemjua mhandisi wala mhasibu atawapata wapi watu hao? Ukimwambia "jenga mtandao" umemtupia neno tu. Zoezi linampa sababu ya kupiga simu.

Kwa washauri wako, kaa nao chumbani usikilize wanavyoongea (kwa ruhusa ya mwanafunzi, bila shaka). Wengi huongea mno. Nakumbuka binti mmoja aliyesisitiza hana uzoefu wowote. Mshauri aliiacha CV pembeni, akamuuliza wiki iliyopita alishughulika na nini. Kumbe ni mweka hazina wa kikundi cha wanafunzi: anakusanya michango, anaandika daftari, anawafuata wasiolipa. Aliyeandika sentensi ya kwanza ya CV ni binti mwenyewe: "Nilikusanya michango ya wanachama na kuwasilisha taarifa ya mapato na matumizi kila muhula." Mshauri aligusa kalamu mara moja tu, kusahihisha tahajia.

Vipimo vya mwelekeo, yaani maswali ya kumsaidia mtu kuona kazi zinazomfaa, kama vile vinavyofuata makundi sita ya watu na kazi ya mwanasaikolojia John Holland, sivipingi. Vinafungua mazungumzo. Ubaya ni pale mshauri anaposoma majibu kama hukumu, mtoto anatoka akiamini uhandisi si wake.

Maonyesho ya ajira endelea nayo, uongozi unayapenda kwa picha. Waajiri waombe kitu kimoja zaidi: waje kufanya usaili wa majaribio na wamwambie kila mwanafunzi alipokosea.

Tukija kwenye matokeo, idadi ya waliohudhuria semina haimwambii mtu chochote. Fuatilia wahitimu. Uingereza utafiti wao wa kitaifa huwauliza wahitimu takriban miezi 15 baada ya kumaliza. Zamani waliuliza baada ya miezi sita, wakati wengi bado wanahangaika. Wewe ukiweza uliza mara mbili. Uliza pia kama kazi inahitaji walichosomea, na wasiojibu usiwahesabu kama wameajiriwa, hata ukishawishiwa vipi. Baruapepe ya chuo wengi huiacha wakishahitimu, kwa hiyo chukua namba ya simu na anwani binafsi kwa ridhaa yao siku wanapokuja kuchukua majoho. Siku hiyo hakuna anayekosa.