Usimkate udata kabla hajapimwa masikio

Dada, simama hapo hapo. Umeandika mwanao ana mwaka na miezi minane, hatamki neno, jirani kakwambia ni udata, ule utando wa chini ya ulimi, na Jumamosi mnaenda kukata. Unauliza bei, na kama katuni nazo zimechangia. Usiende! Wangu alikatwa. Akalia, akatoka damu, kidonda kikapona, na kimya kikabaki kilekile. Ulimi wake ulikuwa mzima, aiskrimu akiilamba haachi tone. Shida ilikuwa masikio.

Na kilichotugharimu kuliko kiwembe ni muda. Tukaambiwa tusubiri "ulimi uzoee", tukasubiri karibu mwaka, tena katika umri ambao ubongo wa mtoto unanasa lugha kuliko wakati wowote. Asiyesikia ananasa nini? Mwaka ule hakuna wa kuturudishia.

Kliniki nilikuwa sikosi. Wanamning'iniza kwenye mzani, wanamchoma chanjo, wanajaza kadi. Nilipomwambia nesi kwamba haongei, alisimama nyuma yake akapiga makofi, mtoto akageuka. "Huyu anasikia, wa kiume huchelewa." Makofi yale yananiuma mpaka leo. Mtoto aliyepakatwa anaona macho ya mama yanakoelekea, anaona kivuli, anahisi upepo wa mikono. Halafu wapo wanaosikia mlango ukibamizwa au sufuria ikianguka, ila s, f na sh haziwafikii kabisa; maneno kwao ni mvumo tu. Wangu nikimwita tukiwa ana kwa ana anakuja, nikiita kutoka jikoni hageuki, na nyumba nzima ikasema ni mkaidi.

Kwa hiyo kwangu sheria ni moja: mtoto asiyeongea, masikio kwanza, na yapimwe kwa mashine, si kwa makofi. Dai rufaa ya daktari wa masikio, pua na koo. Kuna kipimo cha kuweka kifaa kidogo laini sikioni, hata mtoto akiwa amelala, dakika chache kimekwisha. Kikileta shaka, wanambandika nyaya kichwani kuona kama sauti inafika kwenye ubongo. Mwambie daktari kama alizaliwa njiti, kama aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo, au kama alipata manjano makali akawekwa kwenye taa. Wangu aliwekwa kwenye taa, na hakuna hata mmoja aliyetuambia kwamba manjano yakizidi sana yanaweza kuharibu usikivu. Hakuna!

Huenda ikawa ni maji tu nyuma ya ngoma ya sikio, yanatibika. Huenda akahitaji kifaa cha kusikia, au kupandikizwa kile cha ndani ya sikio, hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, wanafanya tangu 2017. Masikio yakionekana salama, ndipo waangalie mengine: anakuonyesha vitu kwa kidole? Ukimwambia "lete kiatu" bila kunyoosha mkono, anakwenda?

Ghairi hiyo Jumamosi. Jumatatu asubuhi chukua kadi yake ya kliniki, uende.