Ukiwa jaji na nchi nzima imeshahukumu

Wakili mmoja anayetamani kiti cha Mahakama Kuu hapa Kenya ameniandikia akiuliza: jaji hufanyaje kesi inapokuwa imeshaamuliwa mitandaoni kabla haijafika mbele yake? Wengi watamwambia awe na moyo mgumu. Ushauri huo haumfikishi popote.

Katiba ya 2010 imeshakukinga wewe. Kifungu cha 160 kinakataza mshahara wako kupunguzwa, na cha 168 hakiruhusu uondolewe bila Tume ya Huduma za Mahakama na jopo la uchunguzi. Kuukera umma hakumo katika sababu za kuondolewa. Uamuzi wako, hata hivyo, utaukinga mwenyewe kwa kalamu.

Chukua ombi la dhamana katika kesi ya mauaji, ambapo kelele huwa kali kuliko kwingine. Kifungu cha 49(1)(h) kinampa mshtakiwa dhamana isipokuwa kuwe na sababu nzito. Upande wa mashtaka ukisema wananchi wana hasira, uliza nani ameapa hivyo. Hati ya kiapo inayosema "wakazi wamekasirika" haitoshi. Inayotaja shahidi aliyetishwa, tarehe na namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), hiyo ina uzito. Kisha soma ripoti ya afisa wa urekebishaji tabia kuhusu mshtakiwa ukiwa na kalamu mkononi: hili aliliona, hili aliambiwa na jirani, hili ni maoni yake. Hapo ndipo wengi huteleza. Chuki ya kijiji huingia kwenye ripoti kama maoni ya jamii, ikatoka kwenye uamuzi kama ukweli. Na kabla ya kumrudisha mtu rumande, jiulize kama sharti la kuhamia kaunti nyingine au kutowasiliana na mashahidi halitoshi. Huyo bado hajapatikana na hatia, jamani.

Kwenye hukumu, Sheria ya Utaratibu wa Jinai, kifungu cha 169, inataka mambo ya kuamuliwa, uamuzi na sababu zake. Andika mambo ya kuamuliwa kwanza. Ukiyaacha mwisho utayachagua yafuate jibu ulilokwisha kulipenda. Kila aya ya uchambuzi itaje shahidi au kielelezo kwa namba. Isiyotaja chochote, ichunguze, huenda umeitoa kwenye taarifa ya habari. Jibu hoja kali kuliko zote ya anayeshindwa, kisha ufute kila sentensi uliyowaandikia watu wa nje.

Tarehe nayo iheshimu. Kesi za madai zina siku 60 za kutolewa hukumu baada ya kusikilizwa, na kila hukumu inapoahirishwa uvumi wa hongo hupata nafasi. Toka pia kwenye makundi ya WhatsApp ya mawakili uliosoma nao, maana kesi yako itajadiliwa humo.

Ukishaisoma hukumu, usiifafanue popote, hata ukitukanwa. Asiyeridhika ana siku 14 za kuwasilisha notisi ya rufaa.