Kama CYP51 iko kwetu na kwa fangasi, mbona flukonazoli haitudhuru sisi?

Mleta mada, nimekusoma. Unauliza kwa nini flukonazoli, dawa ya fangasi inayolenga CYP51, kimeng'enya tulichonacho hata sisi, inambana fangasi tu. Nilishinda maabara na vimeng'enya hivi karibu miaka miwili nikisoma shahada ya pili, kwa hiyo nasema niliyoyaona.

CYP51 ni ukoo uliotapakaa: wanyama, mimea, fangasi, hata bakteria wa kifua kikuu anaye ndugu yao. Kazi ni ileile, kung'oa methili (kaboni moja na haidrojeni zake tatu) kwenye kaboni namba 14 ya steroli changa, yaani mafuta ya kundi la kolesteroli yasiyokamilika bado. Inang'olewa kwa hatua tatu, kila hatua ikila molekuli moja ya oksijeni, na methili inatoka ikiwa asidi ya fomiki. Malighafi ndiyo hutofautiana: sisi na hamira tunatumia lanosteroli, mimea obtusifolioli. Mwisho wa njia sisi tunapata kolesteroli, fangasi ergosteroli.

Katikati ya kimeng'enya kuna himu, kipande kinachobeba chuma. Nitrojeni ya flukonazoli inakalia chuma hicho pale ambapo oksijeni ingekaa, kazi inasimama. Chuma ni kilekile kwetu na kwao, hivyo ukikodolea macho chuma peke yake hutapata jibu. Tazama kuta za shimo linalokizunguka. Hapo amino asidi zimebadilika, na dawa inayokaa vizuri kwao kwetu inapwaya.

Nilikuwa nakiotesha kimeng'enya ndani ya bakteria, na miezi minne ya kwanza niliambulia takataka. P450 (ukoo mkubwa wa vimeng'enya vyenye himu, CYP51 ikiwemo) ikiwa nzima, ikipewa kaboni monoksidi humeza mwanga kwenye nanomita 450, ndiko jina lilikotoka. Yangu ilisimama 420, yaani imeshaharibika. (Nililaumu mashine wiki nzima. Mashine haikuwa na kosa.) Niliposhusha joto la kuoteshea na kuwaongezea bakteria malighafi ya himu, mashapo yakatoka mekundu kama tofali. Nilipiga kelele.

Baada ya hapo nikaanza kudondoshea dawa. Cha fangasi kilijaa flukonazoli kwa kiasi kidogo mno. Cha binadamu nikaongeza, nikaongeza tena, mchoro wa mwanga kinaoumeza hausogei. Nilipojaribu ketokonazoli, dawa nyingine ya fangasi, hata cha binadamu kikaishika! Kwa hiyo usiseme "haitudhuru", sema inatushika kwa udhaifu kwa dozi tunazomeza. Na P450 nyingine nazo huguswa: ketokonazoli kwa dozi kubwa huzuia utengenezaji wa kotisoli na testosteroni. Flukonazoli yenyewe huzuia CYP2C9, P450 ya ini inayovunja dawa, ndiyo maana anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) anaweza kuvuja damu akipewa bila kuangaliwa. Mwaka 2013 vidonge vya ketokonazoli vilibanwa Marekani na Ulaya, hasa kwa sababu ya ini.

Mdau aliyesema hapo juu kwamba fangasi hufa kwa kukosa ergosteroli, amepata nusu. Methili isipong'olewa, steroli mbovu zinarundikana, halafu kimeng'enya kingine, ERG3, kinazigeuza kuwa sumu kwenye utando wa seli. Candida (fangasi wa jamii ya hamira) aliyepoteza ERG3 anaweza kuendelea kukua dawa ikiwa imemzunguka, ingawa CYP51 yake imezibwa kabisa. Halafu hata yule wa kawaida, flukonazoli mara nyingi humsimamisha tu asikue. Kummalizia ni kazi ya kinga ya mgonjwa.