Meli ya Alaska kwa bibi na wajukuu

Dada, umeuliza ni meli gani ya Alaska iwafae. Bibi anatembelea mkongojo, wajukuu wana miaka 6 na 9, nanyi mnaishi Tacoma, karibu na Seattle: chukueni meli inayoondoka Seattle na kurudi hapo hapo, usiku 7. Hakuna kuhangaika na ndege. Kabla ya kuulizia mabwawa ya kuogelea, hakikisheni ratiba inaingia Glacier Bay, ghuba ya Alaska yenye mito ya barafu. Kule abiria hawashuki. Bibi atakaa sitahani, blanketi magotini, na akibahatika ataona pande la barafu likimeguka na kutumbukia baharini. Mkifika Skagway, mji wa bandari wa Alaska, wapandisheni treni ya White Pass inayopanda milimani. Na kwa vile bibi ana pasipoti ya Kenya, jamani, msisahau: meli nyingi za Seattle hupitia Victoria, mji wa Kanada, kwa hiyo ombeni viza ya Kanada mapema, na ya Marekani iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Vyumba viwe karibu na lifti.