Leva ya gia kukwama kwenye P: anza na taa za breki

Mkuu, kama gari lako ni la otomatiki, injini inawaka vizuri ila leva haitoki kwenye P (gia ya kuegesha) hata ukikanyaga breki, usikimbilie kununua leva mpya. Mtu asimame nyuma ya gari, wewe kanyaga breki. Taa zisipowaka, kagua fyuzi, kisha swichi ndogo iliyo juu ya pedali. Hiyo ndiyo inayotoa taarifa kwamba breki imekanyagwa. Ikifa, leva inabaki imefungwa.

Taa zikiwaka, zungusha ufunguo hadi ON bila kuwasha injini, sogeza sikio karibu na leva, kanyaga tena. Lazima usikie "tik" ya solenoidi, kile kifaa cha umeme kinachoachia leva. Ikiwa kimya, pima kama umeme unafika kwenye soketi yake. Unafika na bado kimya? Hapo sasa badilisha leva.

Ukibadilisha, kaa sehemu tambarare, vuta handibreki, weka kabari kwenye matairi na chomoa waya hasi wa betri. Tafadhali, kabla ya kuchomoa kebo ya gia, weka alama pale ilipokuwa imeshikwa. Ikikaa vibaya, leva itaonyesha P wakati gari haijafungwa, na litabingirika. Ukimaliza, hakikisha injini inawaka kwenye P na N (gia huru) tu.