Kugeuza banda la uani kuwa studio: paa, mlango na hewa kwanza

Sponji ndiyo kitu cha mwisho kununua. Naanza hapo kwa sababu vijana wanaokuja kurekodi kwangu hapa Tanga, wakishaona chumba kimetulia huku nje bodaboda zinapishana, swali lao la kwanza huwa ni zile sponji zenye vichuguu zinauzwa wapi. Studio yangu ni banda la uani lililokuwa stoo ya mkaa na nazi, mita 3 kwa 4, kimo mita 2.7. Hurekodi humo kaswida, mashairi na sauti za matangazo. Sponji zimo chache tu, na siku zikitoka zote, jirani hatajua.

Kuna kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kuzuia sauti isipite, ya bodaboda isiingie na ya spika zako isimfikie mtu aliyelala. Ya pili ni kufyonza sauti iliyomo ndani, isigonge kuta ikarudi kwenye maiki. Sponji hufanya hiyo ya pili, tena kwa sauti nyembamba tu. Trei za mayai ni dhaifu kwa zote mbili. Fundi niliyempata aliniambia, "Dada, weka trei, zinatosha kabisa." Tukachukua simu ikiwa inaimba, tukaifunika kwa boksi lililozungushiwa trei pande zote. Alisikia kila neno la wimbo, na tangu hapo tukawa tunaongea lugha moja.

Kinachozuia sauti ni uzito, kuziba, na vitu kutogusana.

Tuanze na uzito. Ukuta wa tofali la saruji la inchi 6, lile lisilo na matundu, una kilo 270 hadi 300 kwa kila mita ya mraba kabla hata ya lipu. Bati la kawaida la kuezekea lina kilo 3 hivi kwa eneo lilelile. Ukizidisha uzito mara mbili unapata desibeli, yaani kipimo cha nguvu ya sauti, 5 au 6 zaidi za uzuiaji, na sikio huhitaji punguzo la desibeli kama 10 ndipo lihisi kwamba sauti imebaki nusu. Pima hapo mwenyewe udhaifu wa banda uko wapi. Kuta zako zinatosha karibu kila mara. Zipige lipu ndani na nje, kwa sababu tofali tupu lina vinyweleo na maungio yake mara nyingi yana mianya, kisha dirisha lizibe kwa tofali na saruji ileile ya ukuta. Basi, fedha za ukuta ziishie hapo.

Paa ndilo lenye kazi. Hapa pwani bati lina maadui wawili, mvua ya masika na kunguru. Kunguru akitembea juu ya bati, maiki nyeti humsikia kucha kwa kucha. Kama msingi wa banda unabeba, dawa kubwa ni kumwaga zege juu. Zege la sentimita 10 tu lina kilo 240 kwa mita ya mraba, na mazungumzo ya paa yanakuwa yamekwisha. Lakini mabanda mengi ya zamani yalijengwa bila msingi wa kubeba mzigo huo na hayana lenta ya maana, ule mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta. Usimwage zege kwa kusikia maneno ya mtu yeyote, pamoja na mimi, kabla mtu anayejua ujenzi hajauchimbua msingi na kuutazama.

Njia niliyofuata ni dari nzito inayojitegemea. Toa kwanza silingi bodi ya zamani yote. Watu huipenda kuiacha wakaongeza nyingine chini yake, wakidhani mbili ni bora kuliko moja, lakini tabaka jepesi likibaki katikati na nafasi finyu ya hewa kila upande, besi hupita kwa urahisi zaidi kuliko ungeacha nafasi moja kubwa. Baada ya hapo laza mbao za inchi mbili kwa sita kutoka ukuta hadi ukuta, zisiguse kenchi, zile mbao zinazobeba bati, popote. Hili lisimamie mwenyewe, maana fundi wa dari kwa mazoea yake atataka kufunga vipande vya mbao kutoka kwenye kenchi ili dari isilegee, na kila kipande ni njia ambayo mtetemo wa bati utashukia. Kama mbao zinalegea, ongeza mbao, zisogeze karibu. Chini yake piga jipsamu ya milimita 12, tabaka mbili, maungio ya tabaka la pili yasikae juu ya maungio ya la kwanza, na pembeni kote ujaze silikoni inayobaki laini. Tabaka mbili zinakupa kilo 17 hivi kwa mita ya mraba. Juu yake, kati ya mbao, jaza pamba ya mawe, wengi huiita rokwuli, unene wa sentimita 10. Huuzwa na wanaohudumia viwanda na vyumba vya baridi. Vaa barakoa, glavu na nguo za mikono mirefu ukiishika, inawasha.

Mwanya kati ya kichwa cha ukuta na bati, ule ambao mijusi huingilia, ziba kwa tofali na saruji. Acha tundu dogo lenye wavu upande ulio mbali na barabara ili mbao zisioze.

Kuhusu mvua: nililaza makuti juu ya bati, kama hoteli nyingi za pwani zinavyofanya. Matone huvunjika kwenye makuti kabla ya kufika kwenye bati, na joto la mchana hupungua sana. Yanataka kubadilishwa yakichakaa, na hayafai kama jiko la kuni liko karibu. Hata hivyo, mvua kubwa ya Aprili ikishuka mimi husimamisha sauti za waimbaji na kufanya kazi ya kuchanganya, yaani kupanga sauti zilizokwisha kurekodiwa ziwe wimbo mmoja. Anayekuahidi kimya kamili chini ya bati wakati wa masika hajawahi kurekodi chini yake.

Sasa kuziba. Hapa ndipo kazi nzuri nyingi hufa. Tundu lenye ukubwa wa asilimia 1 ya ukuta linaufanya ukuta huo usiweze kuzuia zaidi ya desibeli 20, hata ungekuwa wa chuma kizito. Chukua mlango wa sentimita 90 wenye ufa wa sentimita 1 chini yake, kwenye ukuta wa mita za mraba 9. Ufa huo ni sehemu moja katika elfu ya ukuta, na tayari umekuwekea kikomo cha desibeli 30, wakati tofali lenyewe lingekupa zaidi ya 45. Kwa hiyo mlango mwepesi wa ndani, ule wenye uwazi katikati, uuze. Tengeneza mlango wa mbao nzito, au ubao wa marini (plaiwudi ngumu isiyoharibiwa na maji) wa milimita 18 tabaka mbili zilizogandishwa kwa gundi, bawaba tatu imara au nne, fremu iliyojazwa saruji nyuma yake hadi isibaki pengo. Zungusha mpira wa mlango pande zote nne, na chini uweke kizingiti ili mpira upate kitu cha kubana. Kitasa kiwe cha kuvuta na kubana. Milango miwili, mmoja nyuma ya mwingine na nafasi kati yao, ni bora kuliko mmoja mzito sana, kama nafasi ipo.

Kupima ni rahisi. Usiku, mtu asimame ndani gizani, wewe upite nje na tochi taratibu ukizunguka fremu, kona na matundu ya nyaya. Panapopita mwanga, sauti nayo inapita.

Halafu kuna hewa, jambo ambalo sioni likisemwa vya kutosha na ambalo linanikera, kwa sababu linahusu afya za watu. Ukishaziba banda vizuri umetengeneza boksi lisilopumua. Chumba changu kina hewa mita za ujazo 32 hivi. Mtu mmoja aliyetulia hutoa lita kama 20 za kaboni dayoksaidi kwa saa. Weka waimbaji watatu, na ndani ya saa moja kiwango kinatoka asilimia 0.04 ya kawaida kupita 0.2. Hapo vichwa vinauma, usingizi unakuja, pumzi za waimbaji zinakuwa fupi, na mtu anadhani wamechoka tu. Kiyoyozi cha ukutani hakisaidii katika hili. Kinapoza hewa ileile iliyomo na kuizungusha, hakileti mpya.

Jibu ni masanduku mawili ya hewa, moja la kuingiza na moja la kutoa, kwenye kuta mbili tofauti, la kuingizia chini na la kutolea juu. Sanduku linatengenezwa kwa ubao wa marini, refu, lenye vizuizi ndani vinavyoilazimisha hewa ipinde mara kadhaa, na kuta zake za ndani zimevalishwa pamba ya mawe iliyofunikwa kitambaa. Sauti kila inapogonga kona hufyonzwa kidogo, wakati hewa inapita. Njia iwe pana, kwa sababu hewa iendayo polepole haivumi. Feni ikae mwisho wa nje wa sanduku la kutolea, juu ya mpira. Mwambie seremala azidishe urefu kila anapokuuliza kama unatosha. Kiyoyozi nacho kiwepo, maana watu watatu ni kama wati 300 za joto na Januari ya Tanga haina huruma. Chagua cha inveta, kile kinachopunguza kasi ya mashine badala ya kuzima na kuwaka, na wakati wa kurekodi sauti laini kizime, chumba kitabaki na ubaridi kwa dakika kadhaa.

Ndipo sasa tunafika kwenye kufyonza. Chumba kidogo kina tabia zake za besi. Kati ya kuta mbili zilizoachana mita 3, wimbi la hezi 58 hivi, yaani mitetemo 58 kwa sekunde, hukaa na kuvimba, na kwa mita 4 ni 44 hivi, palepale gitaa la besi na ngoma kubwa zinapoishi. Ndiyo maana wimbo uliochanganywa kwenye chumba kitupu husikika una besi nzito pale ndani, na ukichezwa kwenye daladala besi imepotea. Kama banda bado halijajengwa, usifanye urefu, upana na kimo vilingane. Kama limeshajengwa, jaza kona. Sponji ya sentimita 2 na nusu itameza "s" na "sh" na kuiacha besi yote, na sauti ya mwimbaji itatoka imekufa juu, inavuma chini. Unahitaji paneli nene, sentimita 10 au zaidi, na ukiacha nafasi kama hiyo kati ya paneli na ukuta, itafyonza hata besi ya chini zaidi bila gharama yoyote.

Hapa Tanga tuna mali ambayo wengi hawana. Nyuzi za makumbi na mkonge, zikishindiliwa kiasi ndani ya fremu ya mbao na kufunikwa kitenge, hufyonza vizuri sauti za katikati na za juu. Paneli zangu za pembeni ni hizo. Kona nilizijaza pamba ya mawe kutoka sakafu hadi dari. Nyuma ya kila paneli pana upenyo, vinginevyo unyevu wa pwani huota ukungu kwenye nyuzi na waimbaji wenye pumu wanateseka.

Lakini nyuzi zinaungua, sufi inaungua haraka zaidi, na sponji ya godoro ikishika moto hutoa moshi wenye sumu unaoua kabla ya moto wenyewe kufika. Fikiria hilo ndani ya chumba chenye mlango mmoja kisicho na dirisha. Mlango ufunguke kwa nje, usifungwe kwa ufunguo watu wakiwa ndani, mtungi wa kuzimia moto ukae karibu na mlango, nyaya zote zipite ndani ya mabomba yake na mbali na paneli, na mishumaa, udi na sigara viishie uani. Pamba ya mawe haiungui, ndiyo maana ninaiweka popote penye umeme.

Umeme wenyewe: vuta laini ya peke yake kutoka kwenye bodi, na ethi, ule waya wa usalama wa ardhini, ya kweli iliyozikwa ardhini na kupimwa. Mngurumo wa hezi 50 unaoingia kwenye maiki mara nyingi chanzo chake ni ethi mbovu, na hakuna programu itakayouondoa vizuri. Maiki ya kondensa, ile nyeti ya studio, iweke kwenye boksi lisilopitisha hewa pamoja na pakiti za silika jeli, zile punje zinazonyonya unyevu, kwani unyevu huu huanza kuifanya ikwaruze.

Kama fedha ni kidogo mwaka huu, fanya mlango na kuziba matundu, kisha nunua maiki ya dainamiki kama Shure SM58. Ile inasikia zaidi kilicho karibu, kwa hiyo mwimbaji akiisogelea, makelele ya nje yanabaki nyuma sana, na blanketi nzito mbili nyuma yake zinatosha kwa kuanzia. Ngoma na spika kubwa subiri dari iishe. Nenda pia kwa majirani kabla ya kuanza, uongee nao kwa heshima, uwape namba yako. Bi mkubwa wa nyumba ya nyuma yangu ndiye aliyeniambia kuwa besi inamfikia kupitia kona ya mashariki, na alikuwa sahihi: bomba la maji lilipita pale bila kuzibwa pembeni.

Mpira wa mlango hukakamaa kwa joto. Ukague kila mwaka kabla ya masika, na ununue wa akiba mapema.